Taa ya ABS ikiwaka: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu kwenye breki za mafuta zinazosimamiwa na kompyuta

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja gereji kwetu Kizota, Dodoma, akitokea Kongwa, na gari dogo la Kijapani lililokuwa limewasha taa ya ABS, mfumo unaozuia matairi yasiache kuzunguka ukikanyaga breki ghafla, kwa wiki tatu. Taa ilianza siku ileile alipobadilishiwa beringi ya tairi la mbele kushoto. Kabla ya kunifikia alikuwa ameshapita gereji nyingine, akaambiwa pampu ya ABS imekufa, aagize nyingine Dar es Salaam.

"Fundi, nisaidie nijue kabla sijaenda kukopa," aliniambia. "Ni pampu kweli?"

"Mwalimu, niachie gari saa moja. Nikishindwa, utakopa kesho."

Haikuwa pampu. Nitaeleza huko mbele ilikuwa nini. Mwongozo huu nimeuandika kwa fundi anayejua breki vizuri lakini akiona waya anamwita fundi umeme, kwa fundi umeme anayeogopa kugusa mafuta ya breki, na kwa mwenye gari anayetaka kujua anauziwa nini. Unahusu breki za mafuta: magari madogo, Noah, Hiace, RAV4, Land Cruiser, pikapu. Malori na mabasi yenye breki za upepo yana mfumo wake, hayamo humu.

Kinachofanyika ukikanyaga

Ukikanyaga pedeli, busta inausaidia mguu, masta silinda inasukuma mafuta, na mafuta yanapita kwenye mabomba hadi kwenye kalipa au silinda ya dramu. Hadi hapo hakuna umeme. ABS imewekwa katikati ya njia hiyo: boksi la alumini lenye mabomba mengi, mota upande mmoja, kompyuta upande wa pili. Tunaliita pampu ya ABS, ingawa pampu ni sehemu yake moja tu. Ndani yake, kwenye mifumo mingi, kila tairi lina vali mbili za umeme. Ya kuingizia hukaa wazi muda wote, na ya kutolea hukaa imefungwa. Ndiyo maana umeme wa ABS ukikatika kabisa, mafuta yanaendelea kupita na gari linashika breki kama magari ya zamani yalivyoshika.

Kila tairi lina sensa inayohesabu mzunguko wake. Tairi likipunguza spidi ghafla kuliko linavyoweza gari lenyewe, kompyuta inajua tairi hilo linakaribia kufunga, yaani kuacha kuzunguka wakati gari bado linakwenda. Inafunga vali ya kuingizia, hivyo presha haipandi tena hata ukanyage kwa miguu miwili. Kama tairi bado linaelekea kufunga, vali ya kutolea inafunguka na presha inashuka. Mafuta yaliyotoka yanaingia kwenye kihifadhi kidogo, na pampu inayarudisha upande wa masta silinda. Tairi likirudi kuzunguka, presha inapandishwa upya. Mambo haya hujirudia mara nyingi ndani ya sekunde moja, na ndiyo yanayoleta ule mtetemo mguuni na mlio wa kukwaruza kwenye boneti. Dereva asiyeujua mtetemo huo hudhani breki inakatika, akaachia pedeli. Mwambie kila mteja wako: ukiusikia, kandamiza na ushikilie, usipampu, kisha geuza usukani uelekee penye nafasi. Tairi lililofunga halisikii usukani. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya ABS kuwepo.

Mfumo wa namna hii ulianza kuuzwa na Bosch mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz S-Class. Mwaka 1995 ukaongezewa uwezo wa kubana tairi moja peke yake bila dereva kukanyaga, ili gari lisipinduke au kuacha njia kwenye kona, ule unaoitwa ESP au VSC. Mabomba ni yaleyale, vali zimeongezeka. Pia kuna EBD, ambayo ni programu tu ndani ya kompyuta hiyohiyo. Kazi yake ni kuzuia matairi ya nyuma yasifunge kabla ya ya mbele.

Jambo moja wenzetu wa huku lazima walijue. Kwenye changarawe na mchanga, ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama. Tairi lililofunga kwenye ardhi laini husukuma kifusi mbele yake na kifusi hicho hulizuia. Tairi lenye ABS linaendelea kuzunguka na kukipanda. Ukiacha lami ya Kondoa ukaingia barabara ya kijijini, ABS yako nzima bado inakudai uanze kupunguza mwendo mapema.

Hatua ya kwanza: zisome taa kabla ya kushika spana

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS inatakiwa kuwaka, ikae sekunde chache, izimike yenyewe. Mfumo unajipima.

Isipowaka kabisa, mtu ameitoa balbu au ameikata. Nimefungua dashibodi nikakuta taa ya ABS imeungwa na taa ya oili, ili zizimike pamoja injini ikiwaka na mnunuzi asishtuke. Huu ni udanganyifu unaoweza kuua, na wewe fundi ukiletewa kazi hiyo, ikatae. Unaponunua gari la mkononi, hesabu: taa ya ABS ikizimika sekunde ileile na taa ya oili, kila unapojaribu, dai dashibodi ifunguliwe.

Taa ya njano ya ABS ikibaki peke yake, breki za kawaida zipo, ABS haipo. Endesha taratibu, njoo gereji. Nyekundu ya breki ikiwaka, simama. Angalia kwanza handibreki, kisha kiwango cha mafuta kwenye chupa. Mafuta yakiwa chini, ama yanavuja ama pedi zimeisha. Nyekundu na njano zikiwaka pamoja wakati mafuta yapo na handibreki imeshushwa, mara nyingi EBD nayo imezimika: tairi za nyuma zinaweza kufunga kwanza na gari likageuka mkia mbele, hasa likiwa tupu. Gari hilo lisitoke kwenda safari.

Kuna dalili nyingine isiyowasha taa. Gari linakuja kusimama taratibu kwenye lami kavu, spidi imebaki kama 10, mara pedeli inatetema na gari linasogea mita moja zaidi ya ulivyotarajia. ABS imefanya kazi bila kuitwa. Karibu kila mara ni sensa inayopoteza usomaji tairi likizunguka polepole: uchafu, kutu, au kupasuka kwa ringi ya meno, lile duara linalozunguka na tairi ambalo sensa hulisoma. Isikilize dalili hiyo, kwa sababu mita moja kwenye kivuko cha wanafunzi ni nyingi.

Hatua ya pili: iulize kompyuta

Skana, kifaa cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, ni bora, lakini hakikisha inaingia kwenye ABS. Skana nyingi za bei ndogo zinasoma injini peke yake na kukuambia hakuna kosa. Ukiwa na skana nzuri, usiishie kwenye kodi, yaani namba ya kosa. Fungua ukurasa wa spidi za matairi manne, mwenzio aendeshe polepole, kama kilomita 20 kwa saa, wewe utazame. Tairi tatu zinasema 20, moja inasema 0 au inarukaruka: umeshajua pa kwenda. Moja ikisoma tofauti kidogo muda wote, tazama saizi ya matairi kabla ya sensa. Spea tairi ndogo au tairi la saizi nyingine huichanganya kompyuta vilevile.

Huna skana na gari ni Toyota ya miaka ya 2000? Toyota nyingi za wakati huo zinasema zenyewe. Zima swichi. Tafuta soketi ya kupimia chini ya usukani, ile yenye matundu 16 kwa mistari miwili. Mstari wa juu ni 1 hadi 8, wa chini 9 hadi 16. Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la 4 na la 13. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa maana la 16 lina umeme wa betri muda wote na ukilikosea unaunguza kitu. Washa swichi, usiwashe injini. Taa ya ABS itaanza kupepesa.

Ikipepesa haraka kwa mfululizo ulio sawa, haina kosa kwenye kumbukumbu. Ikipepesa mara tatu, ikatulia kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31: sensa ya mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 11 hadi 14 zinahusu relei za vali na mota, 41 ni umeme mdogo au mkubwa kupita kiasi, 51 ni mota ya pampu. Kama makosa ni mawili, zitafuatana kwa zamu, tulia uandike zote. Ukimaliza matengenezo, waya ukiwa palepale na swichi imewashwa, kanyaga breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5, na kumbukumbu itafutika. Chomoa waya.

Kodi inakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. "Sensa ya mbele kushoto" inaweza kuwa sensa, waya wake, plagi yake, ringi, beringi, au hata kompyuta. Hapa ndipo pesa za wateja zinapotea.

Hatua ya tatu: gurudumuni, taratibu

Weka gari kwenye jeki na stendi. Jeki peke yake haitoshi, usijidanganye. Toa tairi.

Anza kwa macho na kitambaa. Huku kwetu kuna vitu viwili: vumbi jembamba la kiangazi, na tope jeusi la mbuga upande wa Bahi mvua zikianza. Tope hilo hukauka kwenye meno ya ringi likawa gumu kama tofali. Ncha ya sensa nayo ina sumaku kwenye aina nyingi, hivyo inavuta unga wa chuma kutoka kwenye pedi na diski. Nimewahi kutoa sensa ambayo ncha yake ilikuwa na ndevu za chuma kama milimita mbili. Niliifuta kwa kitambaa, nikairudisha, taa ikazima, na mwenye gari hakununua kitu.

Kutoa sensa kunahitaji subira. Magari mengi ya mtumba yametoka Japani, na yale ya maeneo ya theluji yalipita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi, kwa hiyo sensa imegandana na chuma kwa kutu. Usiigonge kwa nyundo, mwili wake ni plastiki. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, izungushe kidogo kidogo huku na huku ukiivuta. Ikitoka, safisha tundu lake na pale inapokalia kwa msasa laini. Kutu iliyobaki chini ya mguu wa sensa huinyanyua, na nafasi kati ya ncha na ringi inaongezeka. Nafasi hiyo kwa kawaida ni milimita moja hivi. Ikifika milimita mbili, usomaji unapotea kwenye spidi ndogo, na ndipo ABS inapojiwasha gari likisimama.

Sasa ringi. Kwenye magari mengi ya zamani ipo nje ya jointi ya draivu shafti, ni duara la chuma lenye meno. Zungusha habu kwa mkono huku umeweka tochi, pitia jino moja moja. Ufa ukiupata, badilisha. Kutu inaingia chini ya ringi, inaipanua, inaipasua. Kama fundi alibadilisha jointi, hesabu meno ya pande zote mbili. Jointi isiyo na ringi, au yenye meno tofauti, inauzwa kila siku na inafunga bila shida.

Kipimo cha mita kinategemea aina ya sensa, na hapa wengi wanaharibu. Aina ya kwanza haihitaji umeme, ina koili na sumaku, inazalisha umeme wake tairi likizunguka. Aina ya pili inapewa volti na kompyuta. Kuzitofautisha: chomoa plagi, washa swichi, pima upande wa waya unaotoka kwenye gari. Ukikuta karibu volti 12, sensa ni ya aina ya pili. Ukikuta ndogo sana kuliko hiyo, ni ya kwanza.

Ya aina ya kwanza: swichi imezimwa, plagi imechomolewa, pima omu kwenye pini mbili za sensa. Nyingi zinasoma kati ya 800 na 2,000. Namba kamili ipo kwenye kitabu cha gari, lakini kipimo kizuri zaidi ni mwenzake wa upande wa pili: zikitofautiana sana, yenye matatizo utaiona. Pima pia kati ya pini moja na bodi ya gari; mita isisome kitu. Kisha weka mita kwenye volti za AC, zungusha tairi kwa mkono kama mzunguko mmoja kwa sekunde. Lazima volti ionekane, hata kama ni sehemu ya kumi ya volti, na ipande ukiongeza kasi.

Ya aina ya pili: usiipime omu kamwe. Umeme wa mita unaweza kuiharibu, na hata ukisoma namba haina maana. Angalia tu kama volti 12 inafika, kisha tumia skana utazame spidi. Sensa hii inasema kwa kubadilisha mkondo, kama miliampia 7 na 14 kwa zamu, na mwenye mita nzuri anaweza kuziona akizungusha habu polepole sana.

Gari la mwalimu lilikuwa na aina ya pili. Volti 12 ilifika. Skana ilionyesha tairi tatu zinatembea, ya mbele kushoto sifuri. Nilikopa sensa ya kulia nikaiweka kushoto: bado sifuri. Sensa ya kushoto nikaiweka kulia: ikasoma vizuri. Basi sensa ni nzima, na kwa kuwa volti 12 inafika, waya na kompyuta havishukiwi sana. Cha kushuku kwanza ni kile sensa inachokitazama.

Kwenye gari lake ringi haikuwa na meno. Ilikuwa sili ya beringi yenyewe, upande mmoja, iliyopakwa tabaka la sumaku. Kwa macho, pande mbili za beringi zinafanana sana, moja ni nyeusi iliyofifia zaidi tu. Fundi wa kwanza aliipiga presi kinyume: sumaku ikatazama nje barabarani, sensa ikabaki inatazama sili ya kawaida. Beringi ilizunguka kimya, bila mlio, kazi nzuri kabisa kwa fundi wa gia. Kwa kompyuta, tairi halikuwahi kuzunguka tangu siku ile.

Kabla ya kupiga presi beringi ya aina hiyo, weka karatasi nyembamba juu ya sili na unyunyize unga kidogo wa chuma uliodondoka kwenye grainda. Ugongegonge karatasi kwa kidole. Upande wenye sumaku, unga unajipanga kwenye mistari myembamba iliyoenea kama mionzi. Upande usio na kitu, unabaki umetawanyika. Mwalimu mwenyewe aliinama kuitazama mistari ile, akaniambia atakuja na wanafunzi wake wa fizikia. Hakikisha tu unga haugusi sili, na usiiweke beringi karibu na spika wala sumaku yoyote. Upande wa mistari unaelekea kwenye sensa. Beringi iliyotolewa kwa presi mara nyingi haifai kurudishwa, kwa hiyo ilibidi anunue mpya, lakini bei yake haikukaribia hata kidogo ya pampu.

Usisahau waya. Waya wa sensa unapinda kila tairi linapopanda na kushuka, na unakatikia ndani wakati ngozi ya nje ni nzima. Unganisha mita, kisha uchezeshe waya kidogo kidogo kuanzia kwenye sensa hadi kwenye bodi. Namba ikiruka, umepata. Panya pia wanaula, gari likikaa muda mrefu nyumbani. Ukiunga, lehemu na uvalishe mpira wa kubana kwa joto, na nyaya mbili zilizosokotana zibaki zimesokotana. Ila pale panapopinda usiunge; badilisha sensa na waya wake, la sivyo mteja atarudi baada ya mwezi.

Hatua ya nne: umeme wa mfumo

Hapa ni haraka. Injini ikiwaka betri isome volti 13.5 hadi 14.5. Ikishuka mpaka chini ya 10, ABS nyingi hujizima zenyewe na kuwasha taa, na gari lenye alteneta mbovu limewahi kuuziwa pampu bure. Angalia fyuzi kubwa za ABS kwenye boksi la boneti, kwa kawaida za ampia 30 hadi 50. Zipime zikiwa na mzigo, usiziangalie kwa macho tu. Kisha ethi ya pampu, waya wake wa hasi unaofungwa kwenye bodi: mota ikizungushwa kwa skana, pima volti kati ya bodi ya pampu na hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, ethi ni chafu. Ifungue, ikwangue, ifunge.

Hatua ya tano: mafuta ya breki

Kompyuta inaweza kupunguza na kurudisha presha, ila haiwezi kuunda presha kwenye mafuta yaliyochemka. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kwa kiasi kinachotumika kwenye kipimo, nyuzi hizo zinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 yenye maji. Sasa fikiria Noah imejaa watu na mizigo inashuka mteremko wa Sekenke kule Singida, dereva ameegemea breki badala ya gia ndogo, diski zinanuka. Mafuta yakichemka kwenye kalipa yanageuka mvuke, mvuke unabanwa kama puto, na pedeli inazama hadi chini. Taa ya ABS haitawaka, kwa sababu sensa zote ni nzima.

Badilisha mafuta kila miaka miwili. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine na haifai kwenye ABS. Usiweke mafuta ya usukani, ya gia wala ya injini, hata tone la kufikia nyumbani: mpira wote unavimba, kuanzia masta silinda hadi ndani ya pampu ya ABS, na hapo ndipo utakapoinunua kweli. Chupa iliyokaa wazi dukani au gereji usiitumie.

Kutoa upepo, kama pampu haijafunguliwa, ni kama gari lolote. Anza tairi la mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, mara nyingi ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Valisha nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo, mpira unaoonyesha ndani, ncha nyingine izame kwenye mafuta safi. Mwenzio akanyage taratibu na ashikilie, fungua, funga, aachie. Kama masta silinda ni ya siku nyingi, weka kipande cha ubao chini ya pedeli isiende hadi mwisho, kwa sababu sili zitapita sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kufika. Ongeza mafuta kila baada ya mikanyago michache. Ukiiacha chupa ikauke, upepo unaingia ndani ya pampu ya ABS, na hautoki mpaka skana ifungue vali na kuzungusha mota.

Na unapobadilisha pedi, usirudishe pistoni kwa kuibana tu. Fungua nipeli kwanza ili mafuta machafu ya kwenye kalipa yatoke nje. Ukiyasukuma kurudi nyuma, matope yake yanaishia kwenye vali ambazo tundu lake ni dogo kuliko sindano.

Kama kweli ni pampu

Sensa nzima, waya nzima, umeme mzuri, na kodi bado inataja vali au mota: sasa una haki ya kuisema pampu. Iliyotumika inakubalika kama namba zote za kwenye lebo zinafanana, na kwa magari mengi itahitaji kupangwa upya kwa skana. Andika alama kila bomba kabla ya kulegeza, tumia spana ya mabomba inayokumbatia nati, ziba matundu yote. Mabomba yakibadilishana, kompyuta itapunguza presha ya tairi lisilofunga.

Prius, Aqua, Harrier ya haibridi na wenzao wana mfumo mwingine: pampu inahifadhi presha kubwa muda wote, na inaweza kujiwasha ukifungua tu mlango. Usifungue nipeli wala bomba lake mpaka skana imeizima na kuishusha presha kama kitabu kinavyoelekeza. Bila skana inayofanya hivyo, usiiguse.

Kujaribu

Tafuta barabara ya udongo iliyonyooka, isiyo na watu wala mifugo. Mikanda imefungwa, hakuna kitu kinachoelea ndani. Kwanza kanyaga taratibu mara kadhaa, uone pedeli ni ngumu. Kisha nenda 30 hadi 40 kwa saa, kandamiza kwa nguvu zote na ushikilie mpaka lisimame. Pedeli itetemeke, usukani ukusikie.

Shuka utazame vumbi. Tairi lililofunga huacha mfereji mmoja mrefu usiokatika. Tairi linalosimamiwa huacha alama zilizokatikakatika: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Tulipolijaribu gari la mwalimu nje ya mji, alama za nyuma zilikatika vizuri, ya mbele kulia pia. Ya mbele kushoto tuliifuata kwa miguu hatua kama kumi, yeye akiwa ameinama mbele yangu, na ilikuwa imekatika kama nyingine. Tulirudi gereji, nikakaza tena boliti ya sensa, nikapima kiwango cha mafuta, nikampa beringi ya zamani aende nayo darasani.